Mama mkwe alisema nimemuua mtoto, mchungaji anasema nisamehe na nisahau

BARUA

Bwana Yesu asifiwe, washauri.

Nina miaka 29, nimeolewa huu mwaka wa nne, naishi Morogoro. Mwezi wa nne mwaka huu nilikuwa na mimba ya wiki 38. Alhamisi usiku sikumsikia mtoto akicheza. Ijumaa alfajiri tukaenda hospitali, nesi akapima, akamwita mwenzake, wakapima tena, akaja daktari. Hakukuwa na mapigo. Nikaanzishiwa uchungu, nikajifungua Jumamosi usiku mtoto wa kike, mzuri, kimya. Jumapili baba mkwe na wanaume wanne wakaenda kumzika mimi nikiwa bado wodini. Uso wake sikuuona. Waliniambia wamefanya hivyo nisije nikaumia zaidi.

Siku ya tatu maziwa yakaja. Nilikuwa nimekaa sebuleni na kina mama waliokuja kunipa pole, kanga ikalowa kifuani, nikaona aibu kama niliyefumaniwa. Nguo za mtoto nilikuta zimeshaondolewa zote, na beseni, na nepi, na neti yake ndogo. Kilibaki kikofia kimoja cha njano kilichoangukia nyuma ya kabati. Nimekiweka kwenye pochi, hakuna anayejua.

Kila aliyeingia alikuwa na neno lake. "Shukuru Mungu wewe umepona." "Bado binti mdogo, utapata mwingine." "Bwana alitoa, Bwana ametwaa." "Usilie hivyo, unamkufuru Mungu." Hayo niliyameza. Lakini mama mkwe alisema mbele ya watu wote: "Mimi nilimwambia aache kupanda bodaboda kwenda kazini, hakusikia. Huyu mtoto kamuua kwa ubishi wake." Sebule yote ilinyamaza. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, akatoka nje. Kina mama walikuwa kama wanane, hakuna aliyesema kitu, mmoja wao akaanzisha pambio. Na mtoto huyo angeitwa jina la mama mkwe, tulishakubaliana.

Sasa ni miezi mitatu. Mama mkwe anakuja nyumbani, ananiita mwanangu, anakula, kama vile hakuna kilichotokea. Nikisikia sauti yake getini mikono inatetemeka. Mume wangu nikimgusia anasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Dada yangu wa damu haji tena, nikipiga simu yuko bize. Mwezi wa sita mchungaji alituita ofisini, mimi na mama mkwe, akatusomea Mathayo 5:23-24, akaniambia nisamehe na nisahau, na nisiposamehe nisisogelee Meza ya Bwana. Nikasema nimesamehe. Tukaombewa, tukakumbatiana, tukanywa soda. Usiku ule kifua kilibana nikadhani nakufa. Tangu siku hiyo sijaenda kanisani, kwa sababu najua nilidanganya mbele za Mungu.

Je, natenda dhambi? Nimwambie mama yale aliyonifanyia au ninyamaze? Mwisho wa mwezi wa nane anakuja kukaa kwetu wiki mbili.

Mama wa kikofia cha njano

JIBU

Dada yetu, pole sana kwa kufiwa na binti yako. Tunasema kufiwa, kwa sababu ndicho kilichotokea, ingawa hapakuwa na matanga, wala daftari la rambirambi, wala siku ya kuanua.

Umetuuliza kuhusu msamaha, lakini kuna jambo lililoutangulia. Mtu aliyetuhumiwa hawezi kumsamehe aliyemtuhumu ikiwa moyoni bado anajiuliza kama tuhuma ile ilikuwa kweli. Usiku unapolala, bodaboda ile inakurudia. Kwa hiyo tuanze na bodaboda.

Mtoto kufia tumboni katika wiki za mwisho kuna sababu nyingi zinazojulikana: presha na kifafa cha mimba, kondo la nyuma kuachia kabla ya wakati au kuchoka likashindwa kumlisha mtoto, maambukizi kama malaria na kaswende, kisukari, kitovu kubanwa, hitilafu katika maumbile ya mtoto mwenyewe. Na mara nyingi, hata pale vipimo vyote vinapofanyika, chanzo hakipatikani. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2021 peke yake watoto wapatao milioni 1.9 duniani walizaliwa wakiwa wamekufa, kwa kuhesabu kuanzia wiki ya 28. Kwenye pikipiki kinachoogopwa ni ajali: kuanguka au kugongwa tumboni kunaweza kuachisha kondo, na hapo kwa kawaida huja maumivu makali, tumbo kukaza, na mara nyingi damu. Hukutuandikia kwamba ulianguka. Kupanda bodaboda kwenda kazini na kurudi salama hakumo katika sababu hizo. Na uliposikia mtoto hachezi, ulikwenda hospitali kulipopambazuka.

Hata hivyo usiishie kwetu. Rudi hospitali ulikojifungulia, wewe na mumeo, mkiwa na kadi ya kliniki. Ombeni kuonana na daktari wa wazazi, mkae, muulize haya: presha yangu siku ile ilikuwa ngapi, na kwenye mkojo kulikuwa na protini? Vipimo vya malaria, kaswende na sukari vilisemaje? Kondo na kitovu vilionekanaje baada ya kuzaa? Uzito wa mtoto ulilingana na wiki zake? Nikipata mimba tena nianze kliniki lini, na nifuatiliwe kwa namna gani? Majibu ayaandike mumeo kwa mkono wake. Utaona mbele kwa nini tunataka iwe yeye.

Sasa wale wageni. Maneno waliyokuambia yanafanana, na chanzo chake kinafanana pia. Mtu anapoingia kwenye nyumba yenye maumivu makubwa, naye hana cha kufanya, huumwa na ule unyonge wake. Neno la haraka humtuliza yeye msemaji. "Utapata mwingine" humvusha kutoka siku hii asiyoweza kuitazama mpaka siku nyingine isiyokuwepo bado. Pambio lile lililoanzishwa baada ya kauli ya mama mkwe lilifanya kazi hiyohiyo: lilifunika. Wale kina mama wanane walijua kwamba umeonewa. Waliogopa, nawe ukabaki peke yako katikati ya watu, na huenda ukimya wao umekuuma kuliko unavyojua.

Biblia inaujua mchezo huu vizuri kuliko tunavyoihubiri. Marafiki watatu wa Ayubu walifanya jambo moja jema: waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kunena neno. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu, wakaanza kumtafutia kosa lililomletea msiba, hata akawaambia, "Ninyi nyote ni wafariji wenye kutaabisha" (Ayubu 16:2). Mwishoni Mungu aliwakasirikia wao, akawaagiza wapeleke ng'ombe saba na kondoo waume saba kwa Ayubu, naye Ayubu awaombee. Yaani walitakiwa waende kwa yule waliyemuumiza. Na ile "Bwana alitoa, Bwana ametwaa" waliyokuambia, tazama ni nani anayeisema katika Ayubu 1:21. Anaisema aliyefiwa, kwa kinywa chake, siku yake mwenyewe. Hakuna mgeni aliyeisema badala yake. Likitoka kwa mfiwa neno lile ni ibada. Likitoka kwa jirani aliyekuja kunywa chai, linakuwa amri ya kunyamaza.

Msome pia Hana, 1 Samweli sura ya kwanza. Mumewe anamwona analia, hali, naye anamwuliza kama yeye si bora kwake kuliko watoto kumi. Kuhani Eli anaona midomo yake inacheza bila sauti, anamwita mlevi. Wote wawili hawakuwa watu wabaya. Hana hakumeza lile la kuhani: "Hasha, bwana wangu, mimi ni mwanamke mwenye huzuni rohoni mwangu." Akaeleza kwa heshima hakunywa nini na alikuwa akifanya nini. Eli akajirekebisha palepale, akambariki. Tunakuomba ushike mfano huo, tutauhitaji.

Kwa hao wa "utapata mwingine", hatukushauri uwaite mmoja mmoja. Waliteleza, hawakukusudia. Ukikutana na neno kama hilo tena, jibu kwa sentensi moja: "Naomba Mungu anipe. Lakini huyu namlilia." Au, "Asante kwa kuja, leo naomba tukae tu." Wengi watashukuru kuonyeshwa pa kukaa. Dada yako ni habari nyingine. Mtu wa damu akitoweka miezi mitatu, mara nyingi ni woga wa kukosa la kusema, na kadiri anavyochelewa ndivyo aibu inavyozidi kumzuia. Mpe kazi badala ya mazungumzo: "Jumamosi njoo unisaidie kufua, sitaki kuongea, nataka tu uwepo." Kazi ya mikono humrudisha mtu aliyekimbia maneno.

Mama mkwe yuko kwenye kundi jingine. Alichosema si kuteleza kwa mfariji. Alikushitaki kwa kifo, mbele ya mashahidi, siku tatu baada ya uzazi. Hilo ni kosa, lina jina lake, nalo linasamehewa likiitwa kosa.

Bwana Yesu alipofundisha msamaha katika Mathayo 18 alianza na hesabu. Mfalme "aliyetaka kufanya hesabu na watumwa wake" aliketi kwanza, akajua nani anadaiwa nini, ndipo akafuta. Deni lisilohesabiwa halifutwi, linafichwa tu, na lililofichwa huendelea kudai riba usiku. Tazama pia viwango vyenyewe. Mtumwa yule alisamehewa talanta elfu kumi. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima, kwa hiyo ni deni la siku milioni 60 za kazi, lisilolipika. Mwenzake alimdai dinari mia. Wahubiri wengi huziita senti. Sizo. Siku mia za jua na jembe ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho. Yesu hakusema tunachodaiana sisi kwa sisi ni kidogo. Ulichochukuliwa wewe si kidogo, na kukubali ukubwa wake ndiyo hatua ya kwanza ya kukifuta.

Basi "samehe na usahau" ni msemo wa watu, si mstari wa Biblia. Mungu anaposema hatazikumbuka dhambi (Isaya 43:25) maana yake hatazitumia tena dhidi ya mwenye kutubu. Ufahamu wake haujapungua. Yusufu aliwasamehe ndugu zake na bado akawaambia usoni, "mlinikusudia mabaya." Utakumbuka. Kinachobadilika ni kile unachokifanya na kumbukumbu hiyo.

Je, ulidanganya ofisini kwa mchungaji? Tunaona hivi. Uliulizwa jambo ambalo hukupewa nafasi ya kulijibu, mbele ya aliyekuumiza, na kwa tishio la kuondolewa mezani. Ulisema neno ambalo ungependa liwe kweli. Everett Worthington, mwanasaikolojia Mkristo wa Marekani aliyetafiti msamaha miaka mingi, na ambaye mama yake mzazi aliuawa na mvamizi aliyevunja nyumba usiku wa kuamkia mwaka 1996, hutenganisha msamaha wa uamuzi na msamaha wa hisia. Uamuzi ni kusema: sitalipiza, sitamtakia mabaya, nitamtendea kama mtu. Huo unaweza kuufanya leo, ukawa wa kweli mbele za Mungu. Hisia huja nyuma yake, polepole, na hazifuati ratiba ya kikao. Mikono ikitetemeka sauti inaposikika getini, mwili unakumbuka hatari tu. Hautoi ushahidi kwamba hujasamehe.

Kuhusu Meza ya Bwana, mchungaji wako alitaka amani irudi, na nia hiyo tunaiheshimu. Lakini Mathayo 5:23-24 usome taratibu. Inamhusu anayekumbuka kwamba ndugu yake "ana neno juu yake". Nani ana neno juu ya nani hapa? Anayeambiwa aache sadaka aende kupatana ni yule aliyekosa. Wewe mstari wako ni Marko 11:25, "sameheni, mkiwa na neno juu ya mtu," nao unakupata ukiwa umesimama unasali. Haukufukuzi. Omba kuonana na mchungaji peke yako, au uende na mkewe akiwapo, umwambie: "Baba, siku ile nilisema nimesamehe kwa sababu niliogopa. Nataka kusamehe kweli, na nahitaji muda na msaada wako. Naomba nisihukumiwe kwa kuumia." Mchungaji mwema ataupokea mlango huo. Hata kabla ya hapo rudi kanisani, kaa benchi la nyuma ukitaka, toka kabla ya watu kusalimiana ukitaka. Mahali pa kumlilia Mungu usijinyime.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta saa moja ambayo uko peke yako, daftari na kalamu, si simu. Andika juu: Mama mkwe. Chini yake andika alichofanya, kwa maneno yake yenyewe, bila kuongeza wala kupunguza: siku gani, sebuleni, alisema nini, nani walisikia. Kisha andika kilichukua nini kwako. Kwa mfano: kiliondoa haki yangu ya kulia kama mfiwa, nikalia kama mkosaji, kilinifanya niogope kina mama wa kanisa, kilinionyesha mume wangu akitoka nje. La mume usilitie kwenye hesabu ya mama. Lifungulie ukurasa wake. Watu wengi hukwama hapa, humlimbikizia mtu mmoja madeni ya watu wanne, kisha hushangaa kwa nini halifutiki.

Kisha andika unachoachilia. Kiandike kwa vitu vinavyoshikika: sitamsimulia saluni wala kwenye kikundi cha WhatsApp, sitamwombea mabaya, akiugua nitampelekea uji, mtoto nitakayejaliwa sitamnyima bibi yake ili kumkomoa. Na uandike pia usichoachilia, kwa kuwa msamaha hauchukui kila kitu: haki ya kusema ukweli kwamba hukumuua mwanao, haki ya kuweka mipaka nyumbani kwako, haki ya kutibiwa. Mwisho weka tarehe. Usifanye yote siku moja kama kifua kinabana. Ukurasa mmoja kwa wiki unatosha. Maumivu yakirudi, nayo yatarudi, hasa siku za tarehe ile na ukisikia mtoto mchanga akilia, fungua uone tarehe, useme kwa sauti, "Deni hili nililifuta siku ile, nalifuta tena." Petro aliambiwa saba mara sabini. Kuna makosa ambayo yalitendeka mara moja na yanahitaji hesabu hiyo yote.

Tumefika kwa mumeo. Kabla ya mama, zungumza naye. Chagua jioni ambayo hana njaa wala haendi kuangalia mpira. Usianze na "mama yako". Anza na mlango: "Siku ile ulitoka nje. Nataka kujua ulipotoka ulikuwa unajisikiaje." Inawezekana alitoka kulia. Wanaume wengi kwetu hufundishwa kwamba msiba wa mtoto asiyelia ni wa mama peke yake, wao kazi yao ni kuchimba na kufukia. Naye pia hakupewa pole na mtu. Kuhusu ile methali yake, mwambie kwa upole kwamba yaliyopita si ndwele pale yanapokuwa yamepona, na hili bado linauguzwa. Kisha mwombe mambo mawili tu: mwende hospitali pamoja kama tulivyosema, na yeye mwenyewe, mtoto wa mama huyo, ampelekee mama yake majibu ya daktari. Aseme: "Mama, daktari ametuambia hivi na hivi. Bodaboda haikuhusika." Maneno hayo yakitoka kinywani mwako yatakuwa ubishi. Yakitoka kwake ni taarifa. Ndiyo sababu tulitaka aandike kwa mkono wake.

Hapo ndipo unamwambia mama. Ndiyo, tunashauri umwambie. Luka 17:3 inasema ndugu akikosa, "mwonye, akitubu msamehe", na Mathayo 18:15 inasema muende peke yenu wawili. Kwa mila zetu mkwe kumkalisha chini mama mkwe ni jambo zito, na kulifanya vibaya kutakugeuza wewe kuwa mkosaji. Kwa hiyo usimwandikie ujumbe wa simu. Utasomwa na mawifi wote kabla ya saa sita mchana. Usimwambie siku aliyofika amechoka na safari, wala mbele ya wageni, wala jikoni mkiwa mmeshika visu na masufuria. Siku ya pili au ya tatu, baada ya chai ya asubuhi, mumeo akiwa ndani ya nyumba ila si chumba hichohicho. Msalimie, keti chini kuliko yeye ukipenda, useme kwa muda usiozidi dakika tatu:

"Mama, nina jambo moyoni, nimekuja kwako kwa sababu nakuheshimu, sijalipeleka kwa watu. Siku zile za msiba ulisema mbele ya kina mama kwamba nimemuua mtoto kwa ubishi. Maneno yale yameniumiza mpaka leo. Nimeshamwomba Mungu anisaidie kukusamehe na nimeamua kukusamehe. Naomba usiyaseme tena, na naomba wale kina mama wajue kwamba sivyo ilivyokuwa."

Kisha nyamaza. Kukaa kimya baada ya hapo ndiko kugumu kuliko kusema, na ndiko watu hukosea: wanaendelea, wanatoa ushahidi wa mambo ya mwaka juzi, wanaingiza harusi na mahari, na jambo moja lililokuwa wazi linazama.

Anaweza kukujibu kwa namna kadhaa. Akilia na kusema samahani, pokea, usimkatishe kwa "haina shida mama", kwa sababu shida ilikuwepo, sema, "Asante mama, nimepokea." Akikana kwamba hakusema, usibishane, sema tu, "Mimi ndivyo nilivyosikia, na ndivyo vilivyoniumiza," uinuke kwa adabu. Akifoka, mwite mumeo. Ikishindikana kabisa, Mathayo 18:16 inaongeza mtu mmoja au wawili, na ninyi mnao tayari: wasimamizi wenu wa ndoa, au shangazi wa mumeo anayesikilizwa na mama. Kazi ya wasimamizi haikuishia kwenye picha za harusi.

Kuna jibu moja tunalotaka likukute umejiandaa. Anaweza kusema, "Na mimi nilifiwa." Naye atakuwa amesema kweli. Mtoto yule angebeba jina lake. Katika koo zetu nyingi bibi anayepata wajina wake huanza kumwita kwa utani wa rika moja kabla hajazaliwa, humshonea nguo, huona jina lake halitapotea akifa. Jumapili ile walimzika wajina wake, na yeye pia hakuwa na pa kulipeleka hilo. Akatafuta wa kumlaumu, akakupata wewe uliyekuwa karibu na dhaifu kuliko wote. Hilo halifuti kosa lake hata kidogo. Linakuonyesha lilikotoka, na kwa wengi hapo ndipo hasira hupungua makali yake ya kwanza. Ukiweza, mjibu: "Najua mama. Tulimpoteza sote."

Zile wiki mbili ni nyingi kwa hali yako ya sasa. Mumeo aombe ziwe siku nne au tano, kwa sababu ya afya yako, na sababu hiyo ni ya kweli. Usibaki naye peke yenu kutwa nzima. Dada yako akija kufua, aje siku hizo. Na kama neno lile litarudiwa, mwenye kujibu ni mumeo, palepale, kwa sentensi moja: "Mama, hilo hatulisemi katika nyumba hii." Mkubaliane sentensi hiyo kabla hajapanda basi.

Kifua kubana ghafla, moyo kwenda mbio, kuhisi unakufa, kisha kupita, mara nyingi ni hofu iliyojaa mwilini, lakini mama aliyejifungua miezi ya karibuni asidhani tu. Pimwa presha na moyo. Umwambie daktari pia usingizi wako ukoje, unakula vipi, kama kuna siku unaona heri ungekufa na wewe. Huzuni ya kufiwa huja kwa mawimbi, ikikuachia hata nusu saa. Ikiwa haikuachii kwa zaidi ya wiki mbili, huli, hulali, huoni faida ya kuamka, hiyo inatibika, na hospitali za rufaa za mikoa zina kliniki ya afya ya akili. Wazo la kujidhuru likija, nenda siku hiyohiyo, na mtu akusindikize.

Mwombe mumeo akupeleke kaburini. Anajua lilipo. Nendeni wawili, au na mchungaji akikubali kuomba pale; mkaweke jiwe au mche ili msipapoteze mvua zikinyesha. Kikofia kile ni chako, si uganga wala kukosa imani kukitunza. Mwonyeshe mumeo.

Halafu kuna jina. Barua yako inasema angeitwa jina la bibi yake, haisemi kama aliitwa. Kumpa mtoto aliyekufa jina hakuhitaji cheti. Wazazi mnalisema kwa Mungu pale kaburini. Mnaweza kumpa jina jingine kabisa, na hakuna atakayewalaumu. Au mkishazungumza na mama, naye akiwa amejutia, mnaweza kumwuliza kama angependa mtoto aendelee kuwa wajina wake. Msilifanye sharti la kupatana, wala msiharakishe. Linaweza kusubiri hadi mwaka wa kwanza utakapotimia, mwezi wa nne.